Sukari Yote Ilikuwa Chini ya Kitanda cha Faith

Ijumaa iliyopita nilivua beji ya kapteni wa san mbele ya shule nzima, nikampa mwalimu mkuu mkono uliolowa jasho, nikarudi kwenye mstari. Kwa hivyo sasa mimi ni mstaafu. Nina miaka kumi na minane na goti moja linanisumbua, ingawa hilo goti ni la netiboli, si la kazi.

Kurasa hizi ni zenu, nyinyi wawili wa kidato cha pili mliopewa ufunguo. Mlitaka niwaeleze kazi kwa mdomo, lakini mnanijua, ningesema "iko sawa tu" halafu ninyamaze. Kwa kalamu naweza. Habari ya jinsi nilivyopata cheo naruka, maana hakuna mwingine aliyekitaka.

Mara ya kwanza niliingia san nikiwa kidato cha pili kama nyinyi, na kichwa kilikuwa kinaniuma kweli. San, kwa wazazi watakaosoma hii, ni chumba cha wagonjwa cha shule. Nilikipenda papo hapo kwa sababu kilikuwa kimya. Vitanda vinne, harufu ya spiriti, na Sista Mbithe, nesi wa shule, amekaa dirishani na rundo la bandeji zilizotoka kuanikwa.

"Unaumwa na nini?"

"Kichwa."

"Na mikono?"

"Hapana, Sista."

"Basi kunywa maji, ulale. Ukiamka unikunjie hizi."

Niliamka, nikakunja. Kesho yake nilirudi bila kichwa kuuma, nikakunja zingine. Ndivyo kazi ilivyoanza, na hakuna aliyenifukuza.

Sista Mbithe alikuwa amefanya kazi kasualti, chumba cha dharura cha hospitali, miaka mingi kabla ya kuja kwetu. Alisema alikuja shuleni kupumzika, kisha akakutana na sisi. Somo la kwanza alinifundisha asubuhi ya Jumatatu moja, siku ya mtihani wa hesabu, wakati benchi la san hujaa hadi nje. Aliyekuwa mbele alikuwa amejishika tumbo kwa mikono miwili.

"Aki Sista, nakufa. Hili tumbo limeanza jana baada ya preps za usiku, likapanda mpaka hapa, likarudi, saa hii hata kuona ubao siwezi, na mwalimu amesema lazima..."

Sista alimpita. Akawapita wote, akaenda mwisho wa benchi, kwa mtoto wa kidato cha kwanza aliyekuwa ameinama mbele, viganja kwenye magoti, mabega yakipanda na kushuka. Huyo hakuwa amesema lolote.

"Mwiitu," akamwita, yaani binti kwa Kikamba, "hebu niambie majina yako yote."

Mtoto akasema jina moja, akavuta pumzi, akashindwa kufika la pili.

"Huyu ndiye wa kwanza," Sista akaniambia.

"Na mimi, Sista?" wa tumbo akauliza.

"Wewe unasema sentensi ndefu kuliko mwalimu wa historia. Ngoja."

Nataka mlielewe hili kabla ya mambo mengine yote. Anayelalamika ana pumzi ya kulalamikia. Mtafuteni kwanza aliyenyamaza. Mwenye pumu kama yule mtoto, kifua kikiwa kinapiga filimbi, mnampa dawa yake ya kuvuta na mnakaa naye. Ile filimbi ikinyamaza na yeye hajapata nafuu, msifurahie kimya hicho. Itisheni gari. Wa tumbo naye, ili msiwe na wasiwasi, alipimwa vizuri na akaufanya mtihani wake wa hesabu.

Vifaa ni vichache. Kuna kipimajoto. Kuna mashine ya sukari, ile ya kutoboa kidole; angalieni betri, na angalieni kama vile vijiti vyake havijapitwa na muda. Kuna saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, ya kuhesabia pumzi. Msimwambie mgonjwa mnahesabu pumzi zake. Jifanyeni mnashika mshipa wa mkono, la sivyo ataanza kupumua kwa adabu. Na kuna chupa ya maji ya plastiki iliyotobolewa kitako. Mwenye pumu akishindwa kuvuta dawa vizuri, mdomo wa kile kidude cha dawa unaingia kwenye tundu, yeye anapumulia upande wa pili, na dawa inafika kifuani badala ya kubaki kwenye ulimi. Kiranja wa usafi huidhania takataka na ameitupa mara kadhaa. Toboeni nyingine, msigombane naye.

Kuhusu wanaozimia paredi, niligundua mapema kwamba anayejifanya hutafuta mahali pasafi pa kuangukia, na sketi hujipanga yenyewe. Nilimwambia Sista nikidhani nimegundua kitu kikubwa. Akaniangalia juu ya miwani.

"Na anayejifanya hawezi kuwa mgonjwa?"

"Anaweza."

"Basi mpime kwanza. Utamcheka ukiwa peke yako."

Shida yangu ilikuwa mdomo. Ukimpeleka mtu hospitali, mtu wa kasualti anataka habari, na anaitaka wakati watu wengine sita wanamvuta koti. Mimi hata kuitisha chumvi mezani naona haya. Sista alinipeleka nyuma ya chumba cha kufulia, akanisimamisha mbele ya bomba la mfereji.

"Huyu ndiye nesi wa kasualti. Ripoti."

"Samahani..."

"Hapana. Hakuna samahani. Jina, umri, ugonjwa anaojulikana nao, nini kimeanza na kimeanza lini, umempa nini. Ukoo wacha. Tena."

Niliripoti kwa ule mfereji karibu kila jioni muhula mzima. Wasichana waliokuja kufua soksi waliniona na wakaacha kuniuliza.

Sasa Ndinda. Nyote mnamjua kwa sura, lakini mlikuwa bado hamjaja shuleni wakati huo, na mmesikia mambo mengi ambayo si kweli.

Ndinda anatoka Kalama. Ana kile kisukari cha kujidunga insulini, tangu akiwa mdogo. Kila asubuhi alikuja san, Sista akatoa dawa kwenye friji, Ndinda akajidunga akiwa anaangaliwa, akasema asante, akaenda bwalo kunywa uji. Sindano halafu chakula. Dawa ile inashusha sukari mwilini, uwe umekula au hujakula. Haijui kama leo kuna mfungo.

Na siku hiyo kulikuwa na mfungo. Chama cha Wakristo, CU, huwa na Jumamosi ya kufunga kabla ya mitihani ya majaribio, kuanzia alfajiri hadi maombi ya jioni. Jioni ya kuamkia siku hiyo kila anayefunga hutoa sukari na biskuti zake sandukuni, akampelekea mwenyekiti azifungie, ili asijaribiwe. Mnajua mtu wa bweni anavyolinda sukari yake. Kumpa mwingine ailinde ni imani tosha.

Mwenyekiti mwaka huo alikuwa Faith. Mimi na Faith tulikaa dawati moja tangu kidato cha kwanza, na tulipatana kwa sababu yeye aliongea ya kutosha watu wawili. Akiomba bwenini, walioko uwanjani husema amina. Sanduku la chuma lililojaa sukari ya watu lilikuwa chini ya kitanda chake, na ufunguo shingoni mwake.

Asubuhi hiyo Ndinda alijidunga kama kawaida. "Naenda bwalo, Sista," akasema, na kikombe alikuwa nacho mkononi. Sista akaridhika, akaniachia funguo, akaenda Katelembo kumwona mamake. Ndinda hakwenda bwalo. Alikwenda kanisani na kikombe chake.

Baada ya chakula cha mchana, ambacho nusu ya shule haikula, nilikuwa san peke yangu. Msichana wa bweni la Ndinda akaja mbio.

"Mutheu! Kuja haraka! Ndinda ameingiwa!"

"Ameingiwa na nini?"

"Mapepo! Amemtukana Faith!"

Niseme ukweli, kama angesema Ndinda analia au anaumwa kichwa, ningetembea. Lakini Ndinda kumtukana mtu! Nilichukua mashine ya sukari nikakimbia.

Bwenini walikuwa wamemzunguka, wengi, wameshikana mikono na kuomba kwa sauti. Katikati Ndinda alikuwa chini, ameketi, anajivuta blauzi na kumpiga teke kila anayesogea. Alikuwa akiongea Kikamba kuhusu mbuzi fulani walioingia shambani, kisha akasema neno ambalo siliandiki. Faith alikuwa amepiga magoti mbele yake, mkono kichwani mwake, macho amefumba.

"Toka! Nimesema mwachilie!"

"Wewe ndio utoke!" Ndinda akamjibu, na mmoja nyuma yangu akasema, "Mnasikia? Si yeye anaongea, hiyo ni sauti ya kitu kingine."

Mimi niliona blauzi. Ilikuwa imelowa mgongo mzima, na bwenini hakukuwa na joto. Vidole vilikuwa vinatetemeka. Midomo haikuwa na rangi.

"Ni sukari imeshuka," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, na sauti yangu ikatoka vilevile. Basi nikapenya kati yao, nikamshika Faith mkono ule aliouweka kichwani, nikaushusha mpaka shingoni mwa Ndinda.

Akafumbua macho. "Mutheu, si saa hii. Tuko vitani."

"Shika hapo. Iko aje?"

Akashika. "Iko baridi," akasema polepole. "Imelowa."

"Alikula?"

"Amefunga. Wote tumefunga."

"Alijidunga asubuhi. Faith, fungua sanduku."

Faith alinitazama kwa muda ambao mpaka leo sipendi kuufikiria. Ili kufungua lile sanduku ilibidi akubali, mbele ya bweni zima, kwamba alichokuwa akikiombea kilihitaji kijiko cha sukari. Kisha akavuta kamba ya ufunguo shingoni kwa nguvu hadi ikakatika, akaingia chini ya kitanda.

Sanduku lilipofunguka Ndinda alikuwa amenyamaza. Macho yaligeuka juu, mkono mmoja ukaanza kurukaruka, halafu akalegea. Msichana mmoja akaja mbio na kikombe cha maji ya sukari, akainama kummiminia mdomoni.

"Usimmiminie!" Hilo walilisikia. "Hawezi kumeza. Yataingia kwenye mapafu."

Tumlaze ubavu, nikasema, kichwa kielekee chini kidogo, tusimwekee kitu katikati ya meno. Nikatoboa kidole. Mashine haikuonyesha namba, iliandika tu kwamba sukari iko chini ya kiwango inachoweza kusoma. Nikalowesha sukari kidogo sana kwenye ncha ya kidole, nikaipaka ndani ya shavu la upande wa chini, nikangoja, nikapaka tena. Hivyo ndivyo Sista alivyonifundisha, na mnafanya hivyo tu huku gari likija. Hiyo si dawa. Mtu akiwa macho na anaweza kumeza, ndipo mnampa sukari au soda anywe mwenyewe, na baadaye chakula.

Mwalimu Musyoka, aliyekuwa zamu, alifika akitaka tumpigie mamake Ndinda kwanza. Faith akamwambia, "Mwalimu, piga ukiwa kwa gari." Tukambeba kwa blanketi hadi kwenye pikapu ya shule.

Kasualti ilikuwa imejaa. Gari lilikuwa limepinduka karibu na Kyumbi, na majeruhi walikuwa kila mahali, mmoja akipiga kelele kuhusu mguu wake na ndugu zake wakipiga kelele kumzidi. Mezani palikuwa na nesi mwenye sauti iliyokwaruza. Mwalimu Musyoka akaanza kumweleza kwamba sisi ni shule, kwamba leo ilikuwa siku ya maombi. Nesi hakuinua macho. Nikafikiria ule mfereji.

"Ndinda, miaka kumi na tano, ana kisukari cha insulini. Amejidunga asubuhi, hajala tangu jana. Alichanganyikiwa, akatoka jasho, akapata degedege, sasa hajitambui. Mashine imeshindwa kusoma. Tumempaka sukari shavuni, hatujamnywesha kitu."

Kalamu yake ilisimama. Akawapita wa mguu na ndugu zake, akasukuma machela mwenyewe. "Huyu ndani. Sasa hivi."

Wakapata mshipa, wakamsukumia maji ya sukari kwa bomba la sindano. Mimi nilikuwa nimeisikia habari hii kwa Sista lakini sikuwa nimeiona. Sindano haikuwa hata imeisha. Ndinda alifumbua macho, akatazama dari, akatutazama, kama mtu aliyeitwa jina darasani.

"Faith," akasema. "Imeondoka?"

Sikuelewa. Faith alielewa, niliona uso wake.

"Najisikia vizuri kabisa," Ndinda akasema, na kweli alikuwa anatabasamu. "Imeondoka, sindio? Ulisema nikifunga na nikiamini itaondoka."

Hapo ndipo nilijua alichokuwa anakifungia. Si mitihani. Alikuwa anafungia ule ugonjwa, aache kujidunga. Na Faith, ambaye ana neno kwa kila jambo, aliinama akamfunika blanketi vizuri.

Mwalimu Musyoka alimshukuru Mungu kwa sauti, akauliza kama tunaweza kurudi kabla ya chakula cha jioni.

"Mwalimu, huyu haendi popote," nesi akasema. "Dawa ya asubuhi bado iko ndani, inafanya kazi mpaka jioni. Sukari niliyompa inaisha haraka kuliko hiyo dawa. Ale saa hii." Akaweka mkate na chai ya sukari, akanigeukia. "Wewe, kazi yako ni mdomo wake wa juu. Ukiona jasho hapo, niite." Akarudi kwa watu wa Kyumbi.

Nilikaa nikiutazama ule mdomo. Ndinda aliuweka mkate magotini. Mwalimu alitoka kupiga simu, Faith akainamisha kichwa kuomba, na nilipogeuka kumpisha mtu aliyepitisha machela, mkate haukuwepo. Nilidhani ameula. Chai ilikuwa palepale.

"Kunywa chai," nikamwambia.

"Jioni," akasema. "Bado jioni haijafika. Sitaki kuharibu mfungo sasa."

Akapiga miayo. Kisha tena. Na juu ya mdomo wake nikaona matone madogo, yamepangana kama umande kwenye jani.

"Sista!" nikamwita yule nesi.

Mnajua sauti yangu. Haikufika hata kwenye pazia. Faith akainua kichwa, akamwona Ndinda, akaelewa. Akasimama na kutoa ile sauti yake ya maombi, yote.

"SISTA! JASHO!"

Kasualti nzima ilinyamaza, hata mwenye mguu. Nesi alifika akikimbia. Walimsukumia sukari mara ya pili, safari hii wakamtundikia na dripu ya kuendelea, na walipoinua blanketi mkate ulianguka sakafuni, mzima, haujaumwa hata pembeni.

Ndinda aliamka polepole zaidi. Alikuwa amechoka, na nywele zilikuwa zimemganda kwenye paji la uso. Aliangalia ile dripu kwa muda, akaufuata mpira wake kwa macho mpaka kwenye mkono wake mwenyewe.

"Imeondoka?" akauliza tena, lakini sasa kwa sauti ya chini.

Nesi alikuwa anafunga plasta. Mwalimu Musyoka alikuwa anaangalia viatu vyake. Mimi nilijua jibu na sikuwa na haki ya kulitoa, kwa sababu hakuniuliza mimi.

"Haijaondoka," Faith akasema.

"Ulisema nikiamini..."

"Nilisema. Na uliamini kutuzidi sote." Sauti yake ilikuwa imekwaruza kama ya nesi. "Haijaondoka, Ndinda. Si kwa sababu umekosea mahali. Iko tu. Kesho utajidunga, na utakula, na kesho kutwa hivyohivyo."

Ndinda aligeukia ukuta, akalia bila sauti. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Nesi akaleta mkate mwingine, akauacha, akaenda.

Faith aliuchukua. Dirishani jua lilikuwa bado juu ya vilima vya Iveti, na yeye tangu jana hakuwa ameweka kitu mdomoni. Akaukata vipande viwili, akachovya kimoja kwenye chai iliyopoa, akakila pale mbele yake, akitafuna polepole huku machozi yakimtiririka. Kisha akachovya cha pili, akamnyooshea.

Ndinda alimtazama akimeza. Halafu akafungua mdomo.